Mche wa pilipili huharibikia kitaluni

Dada mmoja wa Kadutu, Bukavu, ameniandikia akiuliza anunue dawa gani, kwa kuwa miche yake ya pilipili, iliyokuwa imestawi vizuri kitaluni, ililala chini yote mara tu baada ya kuhamishwa. Dada yangu, usitoe pesa. Miche iliyolala upesi hivyo, tena yote kwa pamoja, kwa kawaida haina ugonjwa, haikuzoezwa jua.

Mimi hulima hapa Goma juu ya mawe meusi ambayo volkano ya Nyiragongo iliyamwaga mwezi wa Januari 2002, na udongo nilionao niliununua kwa mifuko nikaujaza katikati ya mawe hayo. Shemeji yangu alisema mbele ya wageni kwamba ninapanda pilipili barabarani. Siku hizi hutuma watoto wake waje na bakuli, nami huwajazia, ingawa neno lile bado linaniuma.

Mavuno yangu huamuliwa katika siku 7 hadi 10 za mwisho kitaluni. Mche ukishatoa majani manne hadi sita, bila kuhesabu yale mawili ya kwanza, ninauondolea kivuli kidogo kidogo: kwanza jua la asubuhi, kisha hadi adhuhuri, hatimaye kutwa nzima, huku nikipunguza maji bila kuyakata. Shina linakaza, na rangi ya jani inakolea. Vijana wetu hawazitaki siku hizo. Wanataka kupanda leo na kuuza kesho, halafu wanamlaumu aliyewauzia mbegu.

Hamisha jioni, baada ya kumwagilia kitalu, na uutoe mche pamoja na bonge lake la udongo. Ushike kwa jani, kwa sababu jani likichanika litaota jingine, lakini shina likivunjika mche umekwisha. Uache sentimita 45 kati ya mche na mche. Samadi mbichi isikaribie shimo, maana huunguza mizizi.

Udongo wangu hupitisha maji upesi, hivyo humwagilia asubuhi na jioni mpaka miche ishike. Wewe wa Bukavu, mwenye udongo mwekundu unaoshikilia maji, usiniige katika hilo: inua matuta, umwagilie pale tu udongo unapokauka juu, na miche iliyobaki kitaluni uanze kuipa jua kesho asubuhi.