Mtoto akilia kwenye kipimo, usikubali haraka kwamba "hapendi kuguswa"

Wangu alizaliwa njiti, wiki 30. Miezi kumi ikafika hajakaa, tukaambiwa akapimwe jinsi anavyopokea mguso, sauti, mwendo na vitu kama hivyo. Mi nikajua ni kama kupima damu tu, unachomwa, unapewa majibu, unaondoka.

Siku hiyo alikuwa hajalala asubuhi na foleni ilikuwa ndefu, tukaingia ana njaa, mtaalamu akamsugua mkono na kitambaa akalia, akamwinamisha upande akalia zaidi, ripoti ikaandikwa anakwepa mguso na mwendo. Huyohuyo nyumbani nikimpaka mafuta anacheka!

Tukabadilisha mtaalamu. Huyu wa pili, mama mmoja mtaratibu, kabla hata ya kumgusa aliuliza kama masikio na macho yameshapimwa, maana asiyesikia vizuri utasemaje hajali sauti? Halafu akatoa zile wiki 10 alizowahi kuzaliwa, kumbe umri wa kumlinganishia ulikuwa miezi saba na nusu hivi. Cha kwanza kuuliza ndo hicho jamani, maana hata fomu zinafuata umri: ile dodoso ya Winnie Dunn, mtaalamu wa Marekani wa mambo haya, kwa mfano ina fomu ya tangu kuzaliwa hadi miezi 6, na nyingine ya miezi 7 hadi 35. Unajaza wewe mzazi, kitu fulani kinatokea mara ngapi, na usijaze unavyotamani awe (mi nilifanya hivyo mwanzo, nikafuta).

Kilichonifungua macho zaidi ni suala la misuli. Mtoto mwenye misuli legevu ukimwinamisha analia kwa sababu kichwa kinamshinda kubeba, si lazima awe anachukia mwendo, ila kwa nje kilio ni kilekile. Yule mama alimshika shingo na kiuno vizuri ndo akamwinamisha, kimya. Kwa hiyo muulize mtaalamu wako alimshikaje.

Na usisubiri kilio. Kachanga kakizidiwa kanageuza uso, kanapiga miayo au chafya, kwikwi, kanatanua vidole. Chukua video fupifupi za kuoga, kubadilisha nepi, kulishwa kijiko, na uandike alilala saa ngapi na alikula saa ngapi, nenda nazo.

Jina la ugonjwa msilikimbilie. Madaktari wa watoto Marekani kupitia chama chao walishauri 2012 kwamba shida ya kuchakata hisia (yaani hiyo ya kupokea mguso, sauti na mwendo) isitolewe kama ugonjwa unaojitegemea, watafute kwanza kilicho nyuma yake.

Kipimo chetu cha pili kilikuwa saa nne asubuhi, ameshalala, ameshanyonya. Akasuguliwa na kitambaa kama kile cha kwanza, akakitazama, akakivuta, akakitia mdomoni.