Timu Imepanda Daraja, Nauli Je?

Juzi katibu wa timu moja ya wilayani ameniandikia: "Kaka, tumepanda Championship! Kuna mdau ametuahidi basi na mishahara. Tuanze kumsajili nani?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Nami niliwahi kuuliza hivyo hivyo.

Nilikuwa mweka hazina, enzi ligi hiyo, inayofuata chini ya Ligi Kuu ya Tanzania, bado inaitwa Daraja la Kwanza. Mdau wetu alileta jezi, akapiga picha na wachezaji, nasi tukasajili vijana kutoka nje ya mkoa kwa kutegemea neno lake. Mzunguko wa kwanza haujaisha, simu yake ikawa haipokelewi. Mechi ya ugenini ilikuwa Jumamosi. Alhamisi niliuza pikipiki yangu, nikalipia Coaster. Vijana walilala kwenye madarasa ya shule ya msingi, wakaingia uwanjani, wakatoa sare. Sijawahi kujivunia timu kama jioni ile. Tulishuka msimu huo huo.

Viingilio visikudanganye, mdogo wangu. Nyumbani uwanja ulijaa, lakini tukishalipa uwanja, walinzi na gari la wagonjwa, kilichobaki hakikutosha chakula cha kambi. Ndiyo maana nasema nauli kwanza, usajili baadaye. Posho ndogo inayolipwa kila mwezi inamtuliza mchezaji kuliko mshahara mkubwa wa kwenye karatasi. Na mfadhili asaini, aweke fedha benki kabla ligi haijaanza. Akikataa kusaini, mshukuru kwa jezi, upange bajeti bila yeye.

Msidhani ni shida ya timu ndogo tu. Singida United ilirudi Ligi Kuu mwaka 2017 ikiwa na wadhamini kadhaa, mwaka 2018 ikacheza fainali ya Kombe la FA na Mtibwa Sugar, ikafungwa 3-2. Mwaka 2020 ikashuka daraja. Hata Ligi Kuu yenyewe ilicheza msimu wa 2018/19 bila mdhamini mkuu. Sasa wewe wa wilayani unamwekea mtu mmoja roho ya timu nzima?

Kipa wetu bado anatudai miezi mitatu. Nikikutana naye sokoni ananisalimia kwa heshima, "Shikamoo mweka hazina," nami nashindwa kumtazama usoni.

Kwa hiyo jina la mchezaji usiniletee kwanza. Nitumie hesabu ya nauli za mzunguko wa kwanza, kituo kwa kituo, tuipitie pamoja.