Jiji limerudisha maombi ya chama chenu cha wakazi? Yetu yalirudi mara mbili

Mkuu, umeuliza kwa nini jiji limerudisha maombi yenu ya kutambuliwa ilhali katiba mnayo, viongozi mnao na muhuri mmechonga. Nilikuwa katibu wa chama chetu tulipopita njia hiyo hiyo, kwa hiyo nakuelewa.

Kwanza tenganisha mambo mawili. Kusajili chama kisheria, kiweze kufungua akaunti na kuingia mikataba, ni jambo moja. Kutambuliwa na jiji ni jingine. Jiji likiwatambua, maana yake linapotaka kubadili matumizi ya ardhi au kuruhusu ujenzi hapo kwenu, litawaarifu na kuwasikiliza. Kusikiliza tu, uamuzi unabaki kwao. Ndiyo maana afisa hababaishwi na muhuri. Anachosaka kwenye katiba ni nani amefungiwa mlango.

Sisi tulikwama kwenye mstari mmoja: "Mwanachama ni mwenye nyumba aliyelipa ada." Tuliuona wa kawaida kabisa. Karatasi ikarudi mstari huo umezungushiwa kalamu nyekundu, pembeni neno moja: "Wapangaji?" Na kweli, wapangaji mtaani kwetu ni wengi kuliko sisi wenye nyumba. Wala si ukali wa afisa wetu. Portland, Oregon, huko Marekani, ambako ofisi ya kushughulikia vyama vya mitaa ilianzishwa 1974, kanuni inakataza ada kuwa kikwazo cha uanachama au kura. Los Angeles, ambako mabaraza ya mitaa yalitokana na katiba ya jiji ya 1999, anahesabiwa anayeishi pale, anayefanya kazi pale na mwenye mali pale. Basi tukawafungulia mlango wapangaji, na ada tukaifanya kuwa ya hiari. Mweka hazina alinuna wiki nzima.

Hapo tukajitega wenyewe. Katiba ilisema akidi ya mkutano mkuu, yaani idadi ya chini ya wahudhuriaji ili mkutano uwe halali, ni nusu ya wanachama. Zamani wanachama walikuwa arobaini na kitu, kwa hiyo watu ishirini na wachache walitosha. Sasa kila mkazi ni mwanachama. Hiyo nusu utaipata wapi, uwanja wa mpira? Tukaandika idadi kamili ya watu badala ya sehemu ya wanachama. Kagueni yenu kabla hamjatuma.

Mara ya pili kosa likawa ramani. Kulikuwa na majengo mawili ya ghorofa ambayo sisi tunadai yetu na chama jirani wanadai yao. Jiji halitaki kuwa hakimu wa ugomvi huo, linataka maelewano yenye sahihi za pande zote. Tulibishana kwa barua miezi mitatu, mpaka mwenyekiti wao, mzee mmoja mtulivu, akasema twendeni tukawaulize wakazi wenyewe. Tukapanda ngazi, tukabisha hodi mlango kwa mlango. Wengi walishangaa kusikia wanagombaniwa. Wakachagua upande wa pili, nasi tukatia sahihi. Halafu mpaka uandikeni kwa maneno pia, msitegemee mchoro pekee: unaanzia barabara ipi, unapinda wapi, nyumba za pande zote mbili zimo au la.

Mengine ni ya kawaida: mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka, tangazo la mapema, mihtasari inayoweza kusomwa na yeyote, kifungu cha kutobagua, na njia ya kupokea malalamiko. Hii ya mwisho watu huisahau, kisha siku mwanachama akigombana na mwenyekiti hakuna pa kwenda isipokuwa kwa mwenyekiti huyo huyo.

Mkituma tena, ambatisheni daftari la mahudhurio linaloonyesha kila mtu anatoka barabara gani. Majina matupu hayawaambii kama eneo lote liliwakilishwa. La kwetu lililowa mvua njiani hadi wino ukasambaa ukurasa wa pili, na walilipokea hivyo hivyo.