Nani Ana Deni? Maswali Yenu Kuhusu Kufundisha Watu Wazima

Maswali ya wiki hii yamekuja mengi, na karibu yote ni ya ngumbaru, jina ambalo Wakenya wamelipa darasa la watu wazima na ambalo wengine bado hulitamka wakicheka. Nimefundisha ngumbaru miaka 19, mingi yake katika kumbi za makanisa huku Eastlands. Barua nyingine nimezifupisha.

*Mwalimu, nina miaka 52, nauza mitumba Gikomba. Nilianza darasa mwezi jana na herufi haziingii. Mume wangu anasema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli kichwa changu kimeshakauka?*

Mama, kabla ya kichwa tuanze na macho. Mtu akishapita miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu na maandishi ya karibu yakaingia ukungu. Nimekuwa na wanafunzi waliojiita wajinga mwaka mzima, kumbe walikosa miwani ya kusomea tu. Ukijikuta unasogeza kitabu mbali ili uone, nenda ukapimwe.

Haya, kichwa. Kasi hupungua, sitakuficha. Kijana atakariri orodha ya maneno mageni upesi kukushinda. Lakini mwanasaikolojia Raymond Cattell alitenganisha akili mbili: moja ya kukabili jambo geni papo hapo, ambayo huanza kushuka mapema utu uzimani, na nyingine inayojengwa na yale uliyokwisha kuyajua, ambayo huendelea kukua miaka mingi. Robota likifunguliwa alfajiri pale Gikomba, wewe kwa kugusa tu unajua ipi ni kamera, ile nguo ya daraja la kwanza, na ipi itaishia fagia, yaani mabaki ya bei ya chini. Hiyo ni akili ya pili, na mtoto wa darasa la kwanza hana hata chembe yake. Mwalimu mzuri ataifuata huko huko iliko.

Tena mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walichapisha uchunguzi wa madereva wa teksi wa London, watu wazima waliolazimika kukariri maelfu ya mitaa. Sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu za njia ilikuwa kubwa zaidi upande wake wa nyuma kuliko kwa watu wengine, na ilizidi kadiri dereva alivyokaa kazini. Mwambie mzee hiyo methali ni ya samaki.

*Nimejitolea kufundisha kina mama 12 Kawangware. Nilinunua vitabu vya darasa la kwanza. Wiki ya tatu wamebaki watano. Nimekosea wapi?*

Kwenye vitabu. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilibandika ukutani chati ya watoto, a ya andazi, b ya bata, nikawaambia watu wazima waitikie kwa pamoja. Mzee mmoja, fundi wa mawe ambaye nyumba nyingi za mtaa ule zimepita mikononi mwake, aliitikia mpaka d ya dubu. Akainuka taratibu, akachukua kofia yake, akatoka. Hakurudi. Nami sikumfuata, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Malcolm Knowles wa Marekani ndiye aliyelieneza neno andragojia, yaani ufundishaji wa watu wazima, kuanzia miaka ya 1970, ingawa Mjerumani Alexander Kapp alikwisha kulitumia mwaka 1833. Knowles alisema mtu mzima huja darasani na mambo kadhaa ambayo mtoto hana, au anayo kidogo: amezoea kujiamulia, amebeba tajriba, anataka kujua kwa nini afundishwe jambo kabla hajalianza, na akilipata analitaka kwa matumizi ya leo. Mtoto unaweza kumwambia faida ataiona akikua. Huyu mwingine amekua zamani. Mimi sidhani mpaka wenyewe uko wazi hivyo, kwani hata mtoto hujifunza vizuri akijua sababu, na Knowles mwenyewe alikuja kulegeza kamba baadaye. Lakini kwa mwalimu anayeanza, hilo la "kwa nini" na "leo" ndilo la kushika.

Ukitaka njia yenyewe, mtazame mwalimu Paulo Freire wa Brazili. Mwaka 1963 kule Angicos, kaskazini-mashariki mwa Brazili, kundi lake lilifundisha wafanyakazi wapatao 300 kusoma kwa takriban saa 40 za darasa. Alianza na maneno ya maisha yao, kwa mfano *tijolo*, yaani tofali, akalivunja silabi, na kila silabi ikaleta ndugu zake. Sisi tumebahatika zaidi, maana silabi za Kiswahili zinasomeka kama zilivyoandikwa.

Mimi huanza na deni. Kwanza tunaongea tu: deni la dukani, la chama, la karo, la mkopo wa simu. Dakika 20 nzima hakuna anayeshika kalamu, na ukipita nje utadhani ni ugomvi. Kisha naandika DENI ubaoni, nalikata: de, ni. Chini ya moja naweka da de di do du, chini ya nyingine na ne ni no nu, pembeni irabu tano peke yake. Halafu nanyamaza. Hapo ndipo walimu wengi wanaposhindwa, kunyamaza. Baada ya muda mtu anaona *dini*. Mwingine *dada*. Mwingine *nini*.

Jioni moja mama anayeuza sukuma wiki alikuja mbele, akasimama na chaki muda mrefu hadi nikaanza kumwonea huruma, akaandika herufi zikipanda mlima: NANI ANA DENI. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana kila mtu alilijua jibu. Ilikuwa siku yake ya tatu darasani. Nilichoongeza mimi ni alama ya kuuliza.

Kwa hiyo vitabu vile wape watoto wao. Kisha wafuate wale saba walioacha, mmoja mmoja, huko huko vibandani, uwaulize wangetaka kusoma nini.

*Namfundisha mama kutuma pesa kwa simu. Kesho yake amesahau. Naishia kumfanyia mwenyewe, tunanuniana. (Kijana, Umoja)*

Wakati unamfundisha, simu huwa mkononi mwa nani? Nadhani najua. Irudishe kwake, wewe weka mikono mfukoni.

Kusahau si ugonjwa wa mama yako. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885: kingi cha alichojifunza kilipotea siku ya kwanza, kilichobaki kikapungua polepole. Dawa ni kurudia kwa mwachano: leo, kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Na usimwonyeshe tena, muulize, "Tulianzia wapi?" Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojilazimisha kukumbuka walibaki na mengi baada ya wiki moja kuliko waliosoma tena na tena.

Kuna na hofu. Pesa ikipotea ni ya unga. Mwambie akutumie shilingi 10, nawe umrudishie, mpaka kidole kiache kutetemeka. Akiandika namba ya siri, geuza uso. Ni mama yako, lakini namba ni yake.

*Kuna watu wa kujifunza kwa kuona na wengine kwa kusikia. Niwapange wanafunzi wangu vipi?*

Usiwapange. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti za jambo hilo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa "mtindo wake" kunamsaidia. Kila mmoja aone, asikie, aandike.

*Mimi ni mlinzi, nina miaka 44. Binti yangu yuko kidato cha pili na hajui kwamba sijui kusoma. Nikienda ngumbaru atajua. Nifanyeje?*

Ndugu yangu, anajua. Mtoto anayeombwa kusoma barua ya shule kwa sababu baba "amesahau miwani" hujua mapema sana, kisha hunyamaza kwa heshima. Mwambie wewe, akiwa peke yake, kabla hujajiandikisha.

Utatajiwa mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza huko Eldoret Januari 2004 akiwa na miaka 84, mwaka mmoja baada ya karo ya msingi kuondolewa, na mwaka 2005 akahutubu Umoja wa Mataifa, New York. Namheshimu sana. Lakini si lazima ukae na watoto kama yeye, goti likigonga dawati. Tafuta darasa la rika lako. Ukishaweza kuandika jina lako, binti aone daftari. Asisahihishe, aone tu.

*Darasa la jioni lianze saa ngapi?*

Inategemea unamfundisha nani. Saa kumi na mbili jioni ndipo mama mboga anauza, watu wakitoka kazini, na ndipo mlinzi wa usiku anaingia zamu. Ukiweka saa hiyo utapata viti vitupu. Mama mboga mpe saa nane mchana, amekwisha kupanga nyanya na wateja hawajaja. Mlinzi saa tisa, akishalala. Wafanyakazi wa nyumbani Jumapili baada ya ibada, kwa sababu kwa wengi ndiyo nafasi yao pekee. Na mvua ikinyesha usihesabu mtu, matatu zitapandisha nauli na wote watakuwa wamebaki stejini.