Shuto inauma mkono na pedi haitikisiki: kabla ya kupiga ukuta, angalia kiwiko

Mkuu, nimekuelewa hivi: umeanza kufundishwa shuto, yaani pigo la karate la ukingo wa kiganja, kila ukipiga pedi unasikia maumivu ukingoni mwa kiganja karibu na kidole kidogo, pedi yenyewe haitikisiki, na mwenzako wa dojoni, pale ukumbini mnapofanyia mazoezi, amekushauri uwe unapiga ukuta taratibu kila siku ili mkono ukomae. Unauliza kama ufuate ushauri huo.

Usifuate. Ukuta uache kabisa. Naandika kwa urefu kwa sababu pigo hili nalipenda kuliko mengine yote ya karate, na nimeishi nalo miaka mingi, kwanza kama mwanafunzi na sasa ninapomsaidia sensei, yaani mwalimu, kuwanoa wa mikanda ya chini. Maumivu yako na pedi kutotikisika vina chanzo kimoja. Karibu kila anayenijia na malalamiko kama yako, nikimwambia apige pole pole nimtazame, tatizo nalikuta kwenye kiwiko. Mkono unaumia kwa sababu unabebeshwa kazi ya mwili mzima.

Kiganja kwanza, maana hakina mambo mengi. Vidole vinne vishikane, viungo vyake vikunjwe kidogo sana visiwe vimekakamaa moja kwa moja, na kidole gumba kikunjwe na kubanwa ubavuni mwa kiganja. Gumba likiachwa wazi litanasa kwenye mkono wa mwenzako au kwenye gi yake, lile vazi la karate, na hapo utajua uchungu wa kweli. Sehemu inayopiga ni ile nyama iliyo kati ya kifundo cha mkono na shina la kidole kidogo. Iguse kwa mkono wa pili ukiwa umelegeza vidole, kisha vibane na ukikaze kile kidogo. Umesikia ilivyojikaza? Hiyo ndiyo silaha yako, na ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Kidole chenyewe hakimo.

Kifundo cha mkono kiwe kwenye mstari mmoja na kigasha. Kikipinda kuelekea upande wa kidole kidogo, kidole kinatangulia kufika na mfupa wake unapokea pigo. Hapo ndipo unapoumia wewe, kwa maelezo yako. Kikipinda upande wa gumba, kinachotangulia ni kile kimfupa cha mviringo kilicho chini ya kiganja karibu na kifundo, na pembeni yake kabisa hupita neva na mshipa wa damu unaolisha vidole. Ukipiga ukasikia ganzi ya kidole kidogo na cha pete, simamisha zoezi siku hiyo. Ukiona vidole vinakuwa vyeupe au baridi, nenda kwa daktari. Hiyo haihusiani na ukomavu wa mkono, ni mshipa unaumizwa.

Sasa kiwiko.

Anayeanza hupiga shuto kwa kupeleka mkono mzima ukiwa umenyooka tangu begani. Kwa macho unaonekana unakwenda kasi, lakini unafika kama kitu kizima kisicho na msukumo nyuma yake, na kwa kuwa njia yake ni ya duara kubwa, ncha za vidole ndizo zinazofika mwanzo. Pigo zuri linakwenda kwa zamu. Nyonga inaanza, bega linafuata likiwa limelegea, kiwiko kinatangulia mbele, na kigasha kinabaki nyuma kwa muda mfupi sana. Kisha kigasha kinajirusha, na katika shubiri ya mwisho kabla ya kugusa, kiganja kinageuka na mkono mzima unakaza kwa mara moja. Ukishagusa, unalegeza tena. Kule kugeuka kwa mwisho ndiko kunakoileta ile nyama ya ukingoni mahali pake. Kiganja kikigeuka mapema, utakuwa unapiga kibao. Kikichelewa, unapiga na mfupa.

Sensei wangu hakunielezea haya kwa maneno mengi. Alisimama nyuma yangu, akabana mkono wa gi yangu pale kwenye kiwiko kwa vidole viwili, akaniambia nisipige mpaka aukokote yeye. Akavuta kiwiko mbele polepole, nyonga yangu ikabidi igeuke kukifuata, na kigasha kikawa kimeachwa nyuma karibu na sikio. Akaachia. Kiganja kilikwenda chenyewe. Na kitambaa cha gi kikatoa mlio mmoja mfupi, mkavu, mwishoni kabisa. Tangu siku hiyo huwa nawasikiliza wanafunzi kuliko ninavyowatazama. Mlio ukianza mapema na kuvuma njia nzima, mtu amekaza mkono tangu mwanzo. Mlio ukija mwishoni tu, ameshapata. Kwa hiyo vaa gi unapofanya zoezi hili peke yako, itakusahihisha.

Kuna njia mbili za kupiga na usizichanganye. Ya kutoka nje kuja ndani, mkono unaanzia karibu na sikio la upande huo huo, kiganja kikitazama nje, na unapogusa kiganja kinakuwa kimetazama juu. Ya kutoka ndani kwenda nje, mkono unaanzia kwenye sikio la upande wa pili, kiganja kikitazama uso wako, kiwiko kikielekea kwa mpinzani, na mwishoni kiganja kinatazama chini. Ningekushauri uanze na hii ya pili. Kiwiko kiko mbele tayari, kwa hiyo huna namna ya kukisahau. Unabaki kujifunza kurusha kigasha tu, kama mtu anayekung'uta maji mkononi. Ile ya kutoka nje ina nguvu zaidi kwa sababu nyonga inapata nafasi ndefu ya kuzunguka, ila ndiyo inayowaharibu wanafunzi, maana bega linashawishika kujiinua na kuongoza safari.

Mkono wa pili usiulaze. Unaponyoosha mmoja, mwingine urudi kwa nguvu ile ile. Huo ndio hikite, na nyonga inageuka vizuri zaidi ukirudisha huu kuliko ukifikiria ule unaopiga. Jaribu upige ukiwa na nia ya mkono unaorudi peke yake. Wengi wanashangaa.

Halafu kuna jambo jingine. Wanafunzi wengi hukutana na mkono huu kwanza kama shuto uke, yaani ya kuzuia, na baadaye ndipo wanaambiwa sasa pigeni nao. Katika mtindo wa Shotokan iko kwenye Heian Shodan, na kata hiyo, yaani mfululizo wa mapigo uliopangwa, inafungwa kwa shuto uke nne. Kama mtindo wenu ni Shito-ryu au Wado-ryu, kata hiyo hiyo mnaiita Pinan Nidan. Kata za Pinan zilitungwa na Anko Itosu, mwalimu wa Okinawa, na Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, ndiye aliyezipa jina la Heian na kubadilishana nafasi za mbili za kwanza. Shuto ya kushambulia, ile ya kutoka nje kwenda usawa wa kichwa, unaikuta kwenye Heian Yondan, mkono wa pili ukiwa wazi juu ya paji la uso, na mara tu baada yake linakuja teke la mbele.

Nakueleza haya kwa sababu shuto uke inakaa kwenye kokutsu dachi, mkao wa uzito nyuma, ambapo Shotokan hufundisha uzito uwe kama asilimia 70 mguu wa nyuma na 30 wa mbele, na mwili uwe umekaa ubavu. Kiwiko kinaishia kimekunjwa, ncha za vidole zikiwa usawa wa bega, na mkono wa pili mbele ya chembe ya moyo. Mwanafunzi akishazoea umbo hilo, anakwenda nalo kwenye pedi vile vile: uzito uko nyuma, nyonga imefungwa, kiwiko kimeganda. Pedi haitatikisika hata akipiga mpaka jioni. Kwenye kupiga, uzito unahamia mbele na nyonga inafunguka au kufunga kabisa kulingana na njia uliyochagua. Muulize sensei wako akuoneshe tofauti hii akiwa amesimama pembeni yako, utaiona kwenye kisigino cha nyuma kabla hujaiona mkononi.

Mazoezi yenyewe ningeyapanga hivi. Anza hewani, polepole, macho yakiwa kwenye kiwiko. Ukiona kimetangulia kila mara bila kukikumbusha, ongeza kasi, usiongeze nguvu. Kisha mwombe mwenzako ashike pedi, umwambie asiisukume kukufuata, na upige kwa nusu ya nguvu ukitazama alama inabaki wapi. Mimi huwapaka chaki kwenye ile nyama ya ukingoni na kuwaacha wapige pedi nyeusi. Alama ikiwa fupi na nene, sawa. Ikiwa ndefu yenye mkia wa kidole, rudi hewani. Chaki haimwonei mtu haya.

Makiwara, kile kifaa cha kupigia, inakuja baadaye sana, na makiwara ya kweli ni ubao unaonesa, uliofungwa kamba au kupachikwa pedi juu. Ubao ukirudi nyuma kidogo unapoupiga, unakurudishia habari: umesimamaje, nyonga imefika, kifundo kimepinda au la. Ukuta haunesi. Nguvu yote unayoupa unakurudishia mkononi, kwenye mifupa myembamba, neva na mshipa niliokutajia hapo juu. Nimefanya mazoezi na mtu aliyekuwa na mkono mgumu kama gogo kwa sababu ya kuta, na hakuweza kufunga ngumi asubuhi bila kukandwa. Shuto yake haikuwa na nguvu kuliko ya wengine. Na kama una umri wa kukua bado, hata makiwara ngoja, mifupa ya mkono haijamaliza kujifunga.

Kuhusu kupiga na mwenzako: shuto ilikusudiwa sehemu dhaifu. Shingo ubavuni, panja, mtulinga, mbavu za chini. Ubavuni mwa shingo unapita mshipa mkubwa wa damu wa kwenda kichwani, na pigo pale linaweza kumwangusha mtu na hata kumdhuru vibaya. Usipige shingo ya mwenzako kwa mazoezi, hata kwa utani, hata akikuambia yuko tayari. Simamisha mkono upana wa kiganja kabla ya kufika. Kuusimamisha pale ukiwa na kasi kamili ni kipimo kikubwa kuliko kupiga pedi. Kwenye mashindano ya WKF, shirikisho la karate la dunia, huruhusiwi kushambulia uso kwa mkono wazi, na wa mtindo wa Kyokushin nao wamekataza mikono kwenye uso na shingo, ndiyo maana vijana wengi wa kumite, yaani wa kupigana, wanaidharau shuto. Mimi naona ni hasara. Mkono uliofungwa ukishapiga umemaliza kazi, huu wazi ukishapiga unaweza kushika nguo, kuvuta kichwa, kufungua ulinzi. Angalia tena ile Heian Yondan na teke linalofuata, kisha ujiulize mikono ilikuwa inafanya nini wakati goti linapanda.

Umeuliza pia lini utaruhusiwa kuvunja mbao. Ukiwa unaacha alama fupi ya chaki mara zote ukiwa umechoka, mwisho wa darasa na siyo mwanzoni. Ubao uwe mkavu, usio na fundo, na nyuzi zake ziende sambamba na ukingo wa kiganja chako, ili upasuke kwa kufuata nyuzi na usikatwe kwa kuzikinga. Lenga nyuma ya ubao, usilenge uso wake. Na wa kwanza akushikie sensei mwenyewe, mikono ikiwa imenyooka na kufungwa imara, maana mshikaji akilegea ubao unarudi nyuma bila kuvunjika na nguvu yote inabaki kwenye mkono wako.