Malindi hadi Faza, tusimame wapi?

Ndugu yangu, wauliza usimame wapi ukitoka Malindi kwenda kuwaona rafiki zako Faza, kisiwani Pate. Kwanza usiifanye safari ya siku moja. Marafa, kwenye makorongo, iache siku nyingine, iko kando mno. Mambrui ndiyo ushuke, ulione kaburi la mnara, lile lililopambwa kwa bakuli za Kichina. Ukishavuka mto Tana pale Garsen usizubae: njia ya Witu ipite mchana, kitambulisho karibu, maana vizuizi vya polisi havikosi. Mokowe panda boti, ulale Lamu. Kesho yake uliza maji kabla ya nauli, kwani kule Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, boti za Pate hungoja maji yajae. Ukiwa na nafasi, anzia Siyu, huko huko Pate. Ngome yake itakuchelewesha. Halua usisahau!