Kwa wajomba na mashangazi ambao wapwa wao wamekulia kwenye simu

Ushauri wa watoto na simu karibu wote unaandikiwa wazazi, weka loki hapa, zima intaneti saa fulani, kagua simu akishalala. Sawa, ni kazi yao hiyo. Lakini sisi wajomba, mashangazi, kina mama mdogo na baba mdogo hatuna hayo mamlaka, simu hatukununua sisi, nyumba si yetu, mtoto mwenyewe tunamuona likizo au kwenye video, na bado tunaulizwa vitu ambavyo mama yake hawezi kuulizwa kabisa. Hiyo nafasi ndo nataka kuiongelea leo, manake naona wengi wanaipoteza, mmoja anajifanya mzazi wa pili, mwingine anajifanya mshkaji wa mtoto, na mtoto hakuwa anahitaji yoyote kati ya hao wawili.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alizaliwa 2009, mwaka huohuo WhatsApp ilipoanza. Hajajua hata kukimbia vizuri iPad ikatoka, 2010, na Oktoba ya mwaka huo ikaja Instagram. TikTok inaanza kusambaa nje ya China 2017 yeye yuko darasani anajifunza kuzidisha, halafu 2022 anatimiza miaka 13 na Novemba hiyo ChatGPT nayo ikatoka. Yaani kila akipanda darasa kuna kitu kipya kimefika kabla yake, na sisi watu wazima ndo kwanza tunahangaika na kile cha mwaka juzi. Mi nimekulia kwenye SMS za herufi 160, unakatakata maneno ili yatoshe meseji moja, sasa huyo ndo akamfundishe mtu TikTok?

Kwahiyo sijawahi kumfundisha apu yoyote. Apu zinapita tu. Ninachomrudishia kila mara ni maswali mawili matatu ambayo hayazeeki, kwamba ukiendelea kuangalia hiki kitu nani analipwa, na ulichotuma kikishatoka kwenye simu yako kinakaa wapi, na huyo wa upande wa pili umejuaje kama ni yeye.

Kwa wenye wapwa wachanga kwanza. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba chini ya miaka miwili skrini haishauriwi, na kuanzia miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ndo bora. Ila madaktari wa watoto wa Marekani kwenye mwongozo wao wa 2016 walizitoa simu za video kwenye katazo la watoto wachanga, kwa hiyo mjomba aliye mbali asijione mhalifu. Shida ni jinsi tunavyozipiga. Mtoto wa miaka miwili anashikwa kichwa, "msalimie mjomba, sema shikamoo, mwambie umekula nini", dakika tano za mahojiano, lazima akimbie. Mwambie dada aiweke simu pembeni mtoto aendelee kucheza, wewe ficha uso halafu jitokeze, fungua kitabu cha picha umsomee, akiondoka mwache aondoke. Atarudi mwenyewe kuchungulia kama bado upo.

Picha nazo. Kabla ya kuposti picha ya mtoto muulize mzazi, hilo kila mtu analijua hata kama halifanyi, lakini mtoto akishaanza kuongea muulize na yeye. Kuna sababu ya kiufundi, picha ya simu inaweza kubeba ndani yake tarehe na mahali ilipopigwa kama lokesheni ya kamera iko wazi, mitandao mikubwa kwa kawaida inaondoa hizo taarifa ukiposti ila ukituma faili lenyewe kama dokyumenti au kwa barua pepe linaenda nazo, na hata bila hizo nembo ya shule kwenye sare inatosha kusema mtoto anapatikana wapi. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Huyu binti tangu ana miaka minne namuuliza, "hii naituma kwa bibi?" akikataa nafuta mbele yake. Watu walikuwa wananicheka, unamuomba ruhusa mtoto wa chekechea? Ndio namuomba, manake iko siku mtu mwingine atamuomba picha, na mi nataka awe ameshazoea kwamba anaweza kukataa na hakuna anayenuna.

Halafu kuna hili la kuwaona watoto wa siku hizi kama wataalamu kwa vile tu wamezaliwa na simu mkononi. Marc Prensky, mwandishi wa Marekani wa mambo ya elimu, mwaka 2001 aliwaita wenyeji wa dijitali na watu wakalidaka hilo wazo jumla. Aisee, njoo umuone mwenyeji wangu siku anatakiwa kutuma kazi ya shule kwa kompyuta! Kuedit klipu kwa kidole kimoja huku anakula anaweza, ila faili amelihifadhi wapi hajui, folda kwake ni kitu cha ajabu, kila kitu anatafuta kwa kuandika jina, akisahau jina basi limepotea. Pasiwedi moja akaunti zote. Hapo mjomba una kazi ya kufanya na haina ugomvi wowote, kaeni chini mpange mafaili, muwashe uthibitisho wa hatua mbili, yaani pasiwedi peke yake isitoshe kuingia kwenye akaunti, umuonyeshe gemu la bure linavyopata hela yake kwa kuuza sarafu na mavazi ya humo ndani. Dada yangu atamwambia asinunue. Mi namuonyesha zile saa zinazohesabu kurudi nyuma na "ofa inaisha leo" zimewekwa ili asipate muda wa kufikiria, na kesho yake tunaingia tena kuangalia kama kweli imeisha.

Swali la umri utaulizwa tu, kwanini fulani ana akaunti na mimi sina. Watu wazima wengi wanajibu kwamba 13 ni umri ambao mtoto anakuwa ameshakomaa. Hapana. Ile 13 imetokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998, inaitwa COPPA, inayozibana tovuti zisikusanye taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 bila ruhusa ya mzazi, na kampuni nyingi zikaona rahisi ni kuwakataza kabisa kuliko kuhangaika na ruhusa. Ni mpaka wa taarifa, mambo ya akili ya mtoto hayakuwa ndo kipimo. Australia wao wamepeleka mpaka 16 kwa mitandao mikubwa ya kijamii, sheria imeanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025. Mpwa wangu nilivyomwambia hivi alishangaa kidogo akaniuliza, kwahiyo walikuwa wananilinda au wanajilinda? Nikamwambia vyote. Mtoto ukimpa sababu halisi anabishana na wewe kwa akili, ukimpa "kwa sababu nimesema" anaandika mwaka wa kuzaliwa wa uongo na mazungumzo yameisha hapo.

Sasa lile kubwa. Alikuwa na miaka kumi na moja hivi, anacheza gemu la mtandaoni, kukawa na mtu humo anajiita mtoto mwenzie, wamecheza wiki kadhaa vizuri tu, baadae yule mtu akasema tuhamie kuchati sehemu nyingine halafu nitumie picha nikuone. Akaniandikia mimi, mama yake hakumwambia. Nilipomuuliza kwanini, jibu lake lilikuwa fupi, rafiki yake aliwahi kusema kitu kama hicho kwao akanyang'anywa simu muhula mzima. Yaani hofu yake ilikuwa kwenye simu kuliko kwa yule mtu. Na ukifikiria vizuri hao watu wabaya wanalijua hili na wanalitumia, "ukisema watakunyang'anya simu" ni sentensi yao.

Cha kwanza nilimwambia asante, na hujafanya kosa. Hiyo iseme hata kama moyo unadunda, sauti ya kwanza atakayoisikia ndo itaamua kama atakwambia na la pili. Kisha usijibu chochote, piga skrinishoti ya jina la akaunti na yale maneno, ripoti ndani ya gemu, mwisho ndo ubloku, kwa mpangilio huo maana apu nyingine ukianza kubloku mazungumzo unaweza usiyaone tena. Baada ya hapo tukampigia mama yake pamoja usiku uleule. Siri ya hatari mjomba usiahidi kuitunza, mwambie mapema kabisa kabla hajaanza kusimulia, kwamba kuna vitu nitabaki navyo na kuna vitu itabidi tumwambie mama ila tutamwambia wote wawili na wewe utakuwepo.

Na hili lilifanikiwa kwa sababu moja tu, mi na dada tulishakubaliana kabla, mtoto akileta taarifa mwenyewe simu haichukuliwi. Kama utachukua kitu kimoja kwenye makala hii nenda kaongee hilo na dada yako au kaka yako wiki hii, ukisubiri tukio litokee utakuta kila mtu ana hasira na hakuna wa kukusikiliza.

Kama mambo yameshafika mbali, mtu ana picha ya utupu ya mtoto na anatishia kuisambaza, usilipe, ukilipa anaongeza dau. Usiifowadi ile picha kwa yeyote wala kuipiga skrinishoti hata kwa nia ya ushahidi, hifadhi vitisho na jina la akaunti halafu mzazi aende polisi. Ipo pia huduma ya bure inaitwa Take It Down, ya kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, inatengeneza alama ya kidijitali ya picha hukohuko kwenye simu yako, picha yenyewe haitoki, na mitandao iliyojiunga inaitumia hiyo alama kuitafuta na kuiondoa.

Kuhusu AI, yaani akili bandia kama hiyo ChatGPT, sina mengi. Kumkataza haikusaidia shule wala nyumbani, nilichofanya nilimwambia aiulize kitu anachokijua kuliko mtu yeyote, historia ya timu yake ya shule, akaona inavyojibu kwa kujiamini huku imetunga. Tangu hapo anaikagua. Sauti nayo siku hizi inaigizwa kwa kurekodi kidogo tu, kwahiyo nyumbani tuna swali moja ambalo jibu lake halijawahi kuandikwa popote, mtu akipiga analia anataka hela ya haraka unamuuliza hilo swali kwanza, hata akiwa bibi.

Sasa hivi ni binti mkubwa, meseji yangu ya asubuhi inajibiwa jioni kwa stika. Ni kawaida, usilalamike kwenye grupu la familia. Akikuficha stori zake acha, akaunti feki ya kumchungulia usifungue, ukigundulika umekwisha. Tafuta kitu kimoja ambacho mnafanya pamoja kwenye hizohizo skrini. Sisi tuna gemu moja tunacheza wikiendi, ananishinda vibaya, na maswali yake yote ya maana hutoka hapo katikati wakati wote tunaangalia kioo na hakuna anayemtazama mwenzie usoni. Ukiulizwa la namna hiyo usisimamishe gemu wala usigeuke kumkazia macho, jibu huku unaendelea kupigwa.